Kontra ya Mtu Asiye na Mke

Mwaka 1985 biro ya asiransi ya Kalemie ilipandisha bei ya bima ya magari ya wageni mara mbili ndani ya miezi sita. Assumani aliipata habari hiyo amesimama mbele ya meza ya Symphorien, kofia mkononi, na pesa alizokuja nazo ndani ya bahasha ambayo sasa haikufika hata nusu.

"Si mimi, Papa Assumani," Symphorien alisema. "Ni telegramu ya Kinshasa. Raia analipa yake, mugeni analipa yake."

"Miaka tisa niko hapa. Nimeoa hapa, nimezaa hapa."

"Karte yako ya kukaa inasema Mtanzania. Mimi ninasoma karte."

Assumani alikuwa mtu wa Ujiji. Chumvi, sabuni na vitenge vyake vilikuja kwa boti kutoka Kigoma, naye alivipakia kwenye pikapu yake ya Peugeot na kuvipeleka Bendera, kwa wafanyakazi wa stesheni ya umeme, kisha akarudi na mahindi. Bila karatasi ya asiransi kwenye kioo, gari lisingepita kizuizi cha kwanza cha askari jandarme. Lisipopita, nyumbani hakupikwi. Symphorien alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alivuta droo ya mikataba.

"Sikiliza. Kontra ziko tatu. Ile yako ya zamani ni ya familia: inalipa uliyemugonga, inalipa abiria, inalipa muke na watoto wakiumia ndani ya gari. Ya pili ni ya kampuni, hiyo haikuhusu. Ya tatu njo hii." Alisukuma karatasi ya rangi ya waridi. "Ya selibateri. Mutu hana muke. Inalipa uliyemugonga na abiria, basi. Bei ni robo."

"Lakini mimi nina mke."

"Karte inasema nini?"

Assumani hakuhitaji kuitazama. Karte iliandikwa mwezi aliofika, kabla hajamwona Hidaya, na kuibadilisha kulitaka stempu, picha na pesa ya kumchangamsha mwandikaji. Nikahi ilisomwa msikitini. Komini, kwenye ofisi ya ndoa za serikali, hawakuwahi kwenda.

"Basi kwa serikali hauna muke," Symphorien alisema kwa upole. "Siandiki uongo. Ninaandika kile karte inasema. Weka sinyatiri hapa."

Assumani aliweka sahihi. Nyumbani, Hidaya alipomuuliza kama bahasha imetosha, alimwambia imetosha na chenji imebaki, amebadilisha kontra tu.

"Tofauti yake ni nini?"

"Karatasi tu, Mama Salha."

Hidaya alifurahi. Kwa ile chenji walinunua gunia la mchele na viatu vya watoto wawili.

*

Mwezi wa saba, wakirudi kutoka Bendera, mbuzi watatu walikatiza njia kwenye mteremko wa kijito. Assumani alikata usukani. Pikapu ilipanda ukingo, ikasimama kwa upande kama inayofikiri, kisha ikalala polepole na magunia yote.

Mbele walikuwa watatu. Assumani alitoka na mchubuko wa paji la uso. Mama Godelieve, mwuza samaki wa kukausha aliyekuwa amelipia kiti chake mlangoni, alivunjika mkono. Hidaya, aliyekaa katikati, hakupiga kelele hata mara moja. Alisema tu, "Baba Salha, mguu wangu siuoni," na Assumani alipoinama akaona kwamba mguu upo, ila umegeukia upande ambao mguu haugeuki.

Daktari wa hospitali ya misheni aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa wa paja ulikatika mahali pawili.

"Unataka chuma na skurubu. Hapa hakuna, vinatoka Bujumbura kwa boti. Lipeni, ninaagiza wiki hii."

"Tusipoweza?"

"Utaungana wenyewe. Mguu mumoja utakuwa mufupi hivi." Alipima kwa vidole viwili, akaviachanisha zaidi.

Bei aliyoitaja ilikuwa zaidi ya thamani ya gari lililolala kule kijitoni. Hata hivyo Assumani alitoka hospitali na moyo uliopoa kidogo. Alikuwa na asiransi. Alilipa. Kwa mara ya kwanza tangu ajali alijiona mtu mwenye akili.

*

Symphorien alimpokea vizuri, akaagiza chai, akafungua dosie, jalada la kontra yake. Kisha akainuka kwenda kufunga mlango.

"Ndani ya gari kulikuwa nani?"

"Mama Godelieve, na mke wangu."

"Papa, hilo neno usilirudie humu."

Assumani alimtazama bila kuelewa. Symphorien aliketi upande wake wa meza, karibu, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake. Malipo makubwa namna hii hayatoki Kalemie. Inspekta atakuja kutoka Lubumbashi. Akisikia Hidaya ni mke, hata mke wa msikitini, kontra inakufa yote, kwa sababu imeandikiwa mtu asiye na mke. Hidaya hatalipwa. Mama Godelieve naye hatalipwa, na wanawe watamshitaki Assumani, naye ataingia gerezani kwa ule mkono.

"Na mimi ninapoteza kazi," Symphorien aliongeza. "Niko na watoto saba."

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Mimi nilisoma karte. Sinyatiri ni yako."

Nje, kichwa cha treni kilikuwa kikisukuma mabehewa stesheni, na vikombe vya chai vilitetemeka mezani.

"Lakini Hidaya akiwa abiria tu," Symphorien alisema, "kama Mama Godelieve, basi wanalipa yote. Chuma, kitanda, daktari. Neno moja tu, Papa. Unalisema, anaandika, anarudi kwao."

Siku ile Assumani alikwenda hospitali akiwa na nia ya kumweleza mkewe. Alimkuta baba yake Hidaya, Mzee Shehe, amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda, akimsomea Yasini. Akaona aibu. Kesho yake Hidaya alikuwa na homa. Siku ya tatu alimkuta anacheka na Mama Godelieve, aliyelala kitanda cha pili na mkono ndani ya plasta, akashindwa kumharibia kicheko. Inspekta alitarajiwa Jumatatu. Alifika Ijumaa kabla yake.

*

Aliingia wodini saa nne asubuhi akiwa na suti ya abakosti ya kijivu na mkoba, Symphorien nyuma yake, Assumani nyuma ya Symphorien. Jina lake lilikuwa Emile. Alisalimia kila kitanda kwa adabu, akaomba kiti, akapangusa kiti, akaketi.

"Misye Assumani," alianza. Raia aliwaita sitwayeni, yeye alimwita Misye, ili ieleweke nani ni nani. "Huyu mama ni nani wako?"

"Abiria."

"Si muke wako?"

"Si mke wangu."

Jibu lilitoka haraka, bila kukwama, kama mtu anayetaja tarehe. Alikuwa amelirudiarudia njia nzima.

Hidaya alidhani homa imerudi. Alimtazama mumewe, akasubiri acheke, au akohoe, au amkonyeze. Assumani alikuwa anatazama chuma cha kitanda. Kwenye mkeka, Mzee Shehe alifunga kitabu chake bila kuweka alama alipofikia.

Inspekta aligeuka. "Ni kweli, Mama?"

Hakuna aliyemsaidia. Symphorien alikuwa analowa jasho kwenye kola. Mama Godelieve aliitazama dari, na kwa jinsi alivyoitazama Hidaya alijua kwamba huyu naye ana habari, kwamba huenda chumba kizima kina habari isipokuwa yeye na baba yake. Hakujua sababu. Alijua tu kwamba akisema hapana, kitu kitaanguka, na kwamba Assumani ndiye aliyesimama chini yake.

"Ni kweli," alisema.

"Uko na watoto?"

"Wawili."

"Baba yao?"

"Alisafiri."

"Wapi?"

"Sijui."

Kalamu ya inspekta haikusita. Aliandika kwa Kifaransa huku akijisomea kwa sauti ndogo, na Hidaya, aliyesoma kwa masista mpaka darasa la sita, aliyasikia maneno: baba wa watoto hajulikani. Kisha akaletewa karatasi juu ya mkoba ili iwe na kitu kigumu chini yake. Akaandika Hidaya binti Shehe.

Walipotoka, Mzee Shehe aliinuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, jamaa wa wafanyabiashara wa zamani wa ziwani, aliyemwoza binti yake kwa mgeni wa Ujiji kwa sababu mgeni aliswali.

"Nimesikia kwa masikio yangu," alimwambia Assumani aliyekuwa amerudi mbio mlangoni.

"Mzee, nisikilize. Ni ya asiransi. Ni kwa ajili ya mguu."

Akawaeleza yote: telegramu, karatasi ya waridi, chuma cha Bujumbura. Alieleza vizuri. Mama Godelieve alitikisa kichwa kumsaidia. Alipomaliza, Hidaya aliuliza jambo moja tu.

"Hiyo kontra uliiandika lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Basi si leo." Aligeuza uso ukutani. "Tangu mwezi wa tatu ninapika, ninafua, ninalala kwako, na kwenye karatasi yako mimi simo. Hata viatu vya watoto vimetoka humo."

*

Asiransi ililipa. Chuma kilikuja, daktari akafungua paja, akafunga, na baada ya wiki tano Hidaya alisimama kwa mikongojo miwili. Gari la wagonjwa halikumpeleka kwa Assumani. Alimwambia dereva apite kulia, kwa baba yake, na watoto wakaletwa huko na nguo zao.

Mzee Shehe alimwita mwalimu wa msikiti. Kama mtu amesema mbele ya mashahidi kwamba huyu si mke wangu, je, ameacha? Mwalimu alimkalisha Assumani barazani, akamwuliza mara tatu alinuia nini aliposema. Assumani alijibu mara tatu kwamba alinuia mguu upone. Mwalimu akasema hapo hakuna talaka, ndoa ipo, watu warudi nyumbani kwao.

Hidaya hakurudi. Mji ulikuwa umeshapata habari. Mama Godelieve alikuwa ameisimulia sokoni kwa shukrani, akiwasifu wote wawili kwa ujanja wao, na wanawake walioisikia waliisimulia kwa namna yao. Siku ya kwanza Hidaya alipojaribu kwenda mpaka dukani kwa mikongojo, kijana wa duka alimwita Mama Pasaze, yaani Mama Abiria. Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kicheko hakikuwa kibaya, kilikuwa cha watu wanaojua kitu kimoja. Alinunua chumvi, akarudi, akakaa kitandani mpaka alasiri bila kuivua kanga ya kichwani.

Assumani alikuja Jumapili na maembe.

"Mwalimu amesema, Mama Salha."

"Mwalimu amejibu yake. Mimi nilikuwepo. Nilikuona ulivyojibu. Hata mate haukumeza."

"Ningefanya nini? Ungekuwa kilema."

"Ungeniambia. Tungelisema pamoja, mimi na wewe, tukijua. Ningelisema vizuri kukushinda. Mguu umepona, nakushukuru. Sasa nenda kule kule, useme mimi ni nani."

"Kwenye biro? Watadai pesa zao."

"Wadai. Gari si limebaki? Uza hilo gari."

*

Alikwenda Jumatatu. Symphorien alipomsikia, alicheka kwanza, kisha akaacha.

"Dosie imefungwa, Papa. Iko Lubumbashi."

"Ifungue. Andika kwamba Hidaya binti Shehe ni mke wangu, na kwamba nilisema uongo."

"Niandike ili nifungwe na wewe? Na wao wafanye nini, waje wachomoe chuma ndani ya paja la mama wa watu?" Alimshika bega, akamsindikiza mlangoni. "Nenda nyumbani. Kila mutu amepata yake."

Assumani alikwenda moja kwa moja kwa mkwewe. Hidaya alimsikiliza amekaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya kigoda.

"Walipokataa kuandika, ulifanya nini?"

"Nikatoka."

"Ukatoka." Alilirudia neno hilo taratibu. "Uliponikana ulisimama mpaka wino ukakauka. Umekwenda kunikiri, wamekwambia hapana, ukatoka."

Hidaya alimwambia dada yake Zaina amletee mgeni chakula. Akaletewa, kwenye sahani nzuri yenye maua, ile ya wageni, akala peke yake barazani huku watoto wake wakimchungulia kupitia mlango. Hakuwahi kula chakula kilichokuwa kigumu kushuka kama kile.

Jumanne biro ilipofunguliwa, Assumani alikuwa kwenye benchi. Hakugombana. Kila mteja aliyeingia, alimsalimia, akamwambia jina lake, na kwamba ana mke anaitwa Hidaya, na kwamba anasubiri hilo liandikwe. Mchana Symphorien alifunga kwa chakula akamkuta palepale alipofungua. Jumatano ilikuwa hivyo hivyo, ila wateja walikuwa wengi kuliko kawaida, na baadhi hawakuwa na magari. Alhamisi mkuu wa Symphorien alitoka chumbani kwake, akauliza yule mgeni anataka nini, akajibiwa, akakunja uso. Akapiga simu.

Jandarme wawili walimchukua kwa mkono, mmoja kila upande, wakapita naye barabara kuu mbele ya watu waliomjua. Kituoni yule wa mezani, jina lake Célestin, alifungua daftari kubwa.

"Jina."

Akataja.

"Umetoka wapi?"

"Ujiji."

"Umeoa?"

"Nimeoa. Hidaya binti Shehe."

Célestin aliangalia karte. "Hapa inasema selibateri."

"Karte ni ya zamani. Andika ninavyokwambia, ama nitakaa hapa mpaka uandike."

"Utakaa hapa hata hivyo," Célestin alisema, na wenzake wakaangua kicheko. Lakini alikuwa mtu mvivu, na kubishana kulimchosha kuliko kuandika. Aliandika: mgeni, ameoa, mke ni Hidaya binti Shehe, amekamatwa kwa kuleta fujo ndani ya biro ya serikali. Akapiga muhuri. Assumani aliomba auone muhuri. Akaonyeshwa, kisha akasukumwa kashoo, mahabusu ya kituo.

*

Habari ililetwa na Mama Godelieve, aliyekuwa amepeleka samaki kituoni. Alifika anahema, mkono wake mbovu ameubana kifuani.

"Mama Salha, wamemufunga! Ameketi siku tatu kwenye benchi ya biro anataja jina lako kama kichaa. Na jandarme wameandika."

"Wameandika nini?"

"Kwamba uko muke wake. Nimesikia wanasoma kwa nguvu, wanamucheka."

Hidaya alianza kucheka, kicheko kikavuka kikawa kingine, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga. Mzee Shehe alitoka chumbani kuuliza kuna nini, akaelezwa, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa.

"Kashoo hawapi mutu chakula," alisema. "Aende nani?"

"Ninaenda mimi," Hidaya alisema.

Zaina alisonga ugali, akapakia na dagaa kwenye bakuli lenye kifuniko, akalifunga kwa kitambaa. Toka pale mpaka kituoni ni mwendo wa robo saa kwa mtu wa miguu mizima. Hidaya alitumia zaidi ya saa. Alipita mbele ya duka, na kijana wa duka alipofungua mdomo akaona uso wake, akaufunga. Mzee Shehe alitembea nyuma akibeba bakuli, na mwanawe aliposimama kupumzika naye alisimama.

Célestin alikuwa amekunja miguu juu ya meza.

"Chakula cha nani?"

"Cha mugeni wa Ujiji."

"Chakula kinaletwa na famiye tu. Wewe ni nani wake?"

"Muke wake."

"Uko na karatasi?"

Hidaya aliegemea mikongojo yote miwili. Mguu ulikuwa unamwaka kutoka nyonga mpaka kisigino, na hakuwa na nia ya kukaa.

"Karatasi iko kwako. Fungua kile kitabu."

Célestin alishusha miguu. Alivuta daftari, akalamba kidole, akafungua ukurasa wa siku ile, akakishusha kidole mstari baada ya mstari, midomo ikicheza. Kikasimama. Akainua macho.

"Hidaya?"

"Njo mimi."